Put Down: Kuzima, Kuandika, Kudhalilisha

Tangu nianze kufundisha nimesikia mara nyingi wanafunzi wetu wakilaumiwa kwamba hawana msamiati wa Kiingereza. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haigusi mahali panapouma. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anajua maana ya put, anajua maana ya up, na with alikutana nayo shule ya msingi. Mpe sentensi isemayo kwamba wananchi hawawezi tena put up with ahadi hewa, ataanza kutafuta ni kitu gani kinachowekwa, kinawekwa juu ya nini na pamoja na nani. Maneno yote matatu anayajua. Asilolijua ni kwamba yakikaa pamoja yanamaanisha kuvumilia, wala hakuna hata moja kati yake lenye chembe ya uvumilivu ndani.

Walimu wa Kiingereza huita mafungu hayo phrasal verbs, jina lililoenezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925. Mimi hapa nitayaita vitenzi vyenye mkia. Jambo lenyewe ni la kale kuliko jina. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755, alieleza katika utangulizi kwamba hapa ndipo wageni wanapopata taabu kubwa kuliko zote. Miaka zaidi ya 260 imepita, wageni wameongezeka, na taabu iko palepale. Sisi tumo miongoni mwa wageni hao, tena wageni wa namna ya pekee, kwa kuwa wengi wetu hatukukikuta Kiingereza sokoni wala jikoni. Tulikikuta kwenye mtihani.

Kanuni zake zipo, ingawa darasani hupitwa haraka. Chukua run up. Mtu anaweza run up a hill, akapanda kilima mbio. Anaweza pia run up a bill, akalimbikiza deni. Kwa macho sentensi hizo ni pacha, zimetofautiana herufi moja. Lakini deni unaweza kulitia katikati ukasema run a bill up, na Mwingereza asishtuke. Kilima ukikitia katikati umeharibu. Sababu ni kwamba penye kilima, up ni kihusishi kilichoshikamana na kilima na kinatuonyesha njia. Penye deni, up imeshikamana na kitenzi na imekigeuza maana. Kiwakilishi huongeza ukali wa sheria: ukiahirisha jambo utasema put it off, kamwe si put off it, ukilitunza utasema look after it, kamwe si look it after. Mtoto wa Kiingereza hafundishwi haya. Anayanyonya. Mtoto wa Sumbawanga au wa Lindi huyakariri kwa orodha, kisha orodha humtoroka siku ya siku.

Vipo vyenye mikia miwili, na huko ndiko kijineno cha mwisho kinakofanya kazi kubwa kupita umbo lake. Mkia wa kwanza hukigeuza kitenzi. Wa pili, ambao ndio kihusishi halisi, humpokea mtendwa. Look up to ni kumstahi mtu, look down on ni kumdharau. Run out of ni kuishiwa. Do away with ni kufuta kabisa. Get away with ni kutenda kosa usiadhibiwe. Nimetafuta neno moja la Kiswahili lenye uzito huo sijalipata, jambo ambalo, kwa tunayoyasoma kila mwaka katika ripoti za ukaguzi, linashangaza.

Stand up for mtu ni kumtetea. Stand up to mtu ni kumkabili, kumwambia hapa hupiti. Badili kihusishi kimoja, na rafiki amekuwa hasimu. Niliwahi kuletewa na wanafunzi rasimu ya tamko lao, limeandikwa kwa Kiingereza, likitangaza kwamba wao wameazimia to stand up to the poor. Walikusudia kuwatetea maskini. Walichoandika ni kwamba watapambana nao. Niliwauliza kwa nini tamko lisiandikwe kwa lugha ambayo maskini wenyewe wangeisoma. Mmoja wao, kijana mkweli, akanijibu: "Mwalimu, wafadhili hawatalielewa."

Na stand by je? Ikifuatwa na mtu, ni kusimama naye katika shida. Ikikosa mtu wa kumfuata, ni kusimama pembeni ukitazama yanayotokea bila kunyoosha mkono. Uaminifu na uoga vimepangishwa chumba kimoja.

Kiswahili hufanya kazi hiyohiyo kwa zana nyingine. Sisi hatupachiki mkia nje ya kitenzi. Tunakinyambua kwa ndani. Mtu hukimbia hatari, hukimbilia usalama. Huhama Kigoma, huhamia Mwanza. Uvundo hunuka, ua hunukia. Kinachohitaji move out na move in kwa Kiingereza, kwetu ni sauti moja iliyoingia tumboni mwa neno. Tena mara nyingine tunawazidi kwa uwazi. Kupigana na mtu si kumpigania, na hakuna mtoto wa miaka mitano anayezichanganya mbili hizo. Kiingereza kina fight with, na humo mna utata: ukiandika kwamba askari wa King's African Rifles, waliopelekwa Burma mwaka 1944, fought with the British, asiyeijua historia hatatambua kama vijana wetu walikuwa bega kwa bega na Waingereza au walikuwa wakiwafyatulia risasi.

Nisijifanye kwamba lugha yetu ni nyepesi kwa mgeni. Anayejifunza Kiswahili hukutana na kupiga, na kwa wiki nzima hudhani ameingia katika taifa la wagomvi: watu wanapiga simu, wanapiga pasi, wanapiga deki, wanapiga kura, wanapiga picha, wanapiga marufuku, na hakuna aliyeumia. Kula nako ni vivyo hivyo. Tunakula kiapo, tunakula njama, na mzee aliyekula chumvi nyingi si mgonjwa wa presha. Kila lugha ina kichaka chake. Tofauti ni kwamba hakuna kijana wa Leeds anayefelishwa Historia kwa kuwa hakujua kwamba kupiga pasi si ugomvi.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Miaka michache iliyopita mwenzangu mmoja alitunga swali la mtihani: How did the Germans put down the Maji Maji uprising? Alitaka wanafunzi waeleze jinsi uasi wa 1905 hadi 1907 ulivyozimwa. Mwanafunzi mmoja aliandika kurasa nne akieleza jinsi ulivyoandikwa. Alijua, na alijua sawasawa, kwamba put something down ni kukitia katika maandishi. Akaeleza kwamba Gavana von Götzen mwenyewe alitoa kitabu kuhusu vita hivyo mwaka 1909. Kwamba mwenye bunduki ndiye aliyekuwa pia mwenye kalamu. Kwamba katika maandishi ya aina hiyo maji ya Kinjikitile wa Ngarambe yalisomwa kama ushirikina kabla ya kusomwa kama siasa. Na kwamba ilipasa kungoja hadi mwaka 1968 ndipo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki, walipokwenda vijijini kuwasikiliza wazee. Kiingereza chake hakikuwa cha kujivunia. Hoja yake ilikuwa imenyooka kama mkuki. Alikuwa amejibu swali gumu kuliko lililoulizwa.

Alipewa sufuri kati ya alama 25.

Mimi nilikuwa msahihishaji wa pili. Katika kikao cha matokeo mwenzangu alisimama kwenye kanuni: swali ni swali, na hili halikujibiwa. Kwa kanuni alikuwa sahihi, nami sikulipinga hilo. Nilichouliza ni tunapima nini. Kama tunapima Kiingereza, basi tuite mtihani huo wa Kiingereza na tuuweke mikononi mwa wanaokifundisha. Kama tunapima uwezo wa kufikiri juu ya yaliyopita, mbele yetu palikuwa na mtu aliyefikiri kuliko wengi waliopata 18 kwa kumwaga yale tuliyowaamrisha wayakariri. Kikao kilijadili muda mrefu, kikampa alama nne, na kijana akafanya mtihani wa marudio. Safari ile swali lilikuwa na neno suppress. Alifaulu vizuri.

Nimelitafakari sana fungu lile tangu siku hiyo. Katika kinywa cha Mwingereza, put down ni kutua mzigo, kumlaza mtoto mchanga, kuandika jina, kutanguliza sehemu ya malipo, kumdhalilisha mtu mbele za watu, kumwua mbwa mgonjwa kwa sindano, na kuzima uasi. Uasi wetu ulizimwa kwa bunduki kwanza, kisha kwa kuchoma mashamba na maghala, na waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa na waandishi mbalimbali kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Yote hayo yamebebwa na maneno mawili mafupi ambayo mtu huyatumia pia kwa kutua kikapu. Kiswahili nacho si malaika katika jambo hili: tunasema "kuzima", kana kwamba watu wa Umatumbi na Ungoni walikuwa kibatari.

Kisa hicho cha suppress kinanifikisha kwenye jambo ambalo wataalamu wa lugha nyepesi hawapendi kulisikia. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa, na Kilatini nyuma yake, yalikalia mahakama, dini na utawala, na maneno ya wenyeji yakabaki shambani na jikoni. Hata leo Mwingereza anaona postpone, tolerate na investigate ni maneno yenye suti na tai, na put off, put up with na look into ni maneno ya nguo za nyumbani. Kwa hiyo anapotaka kuturahisishia mambo, hutuvulia suti. George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na Kiingereza, alishauri kwamba neno refu lisitumike pale fupi linapotosha, na kwa wasomaji wake ushauri ulikuwa mwema. Kwetu hali ni kinyume. Neno refu lina maana moja, limo katika kamusi, na mwalimu alilisema darasani. Fupi lina maana saba na halijulikani hadi uishi na wenyewe.

Mfano mkubwa wa kosa hilo ni Basic English, lugha iliyopunguzwa na C. K. Ogden na kutangazwa mwaka 1930: maneno 850 tu, na kati yake vitenzi 18, vikiwemo come, go, get, give, put na take. Winston Churchill aliisifu hadharani huko Harvard mwaka 1943, vita ikiendelea, kwa kuwa aliona dunia itakayokuja itatawaliwa kwa akili na lugha kuliko kwa ardhi. Lakini vitenzi 18 vitatosha vipi kueleza dunia? Kwa mikia. Badala ya kujifunza neno surrender, unajifunza give up. Badala ya enter, go in. Badala ya discard, put away. Hesabu ya maneno inabaki 850, huku mafungu ya kujifunza yakizaana kama sungura nyuma ya pazia. Ni kama mfanyabiashara anayekuambia nauli ni shilingi 500, halafu mzigo, kiti na dirisha anavitoza mbali mbali.

Niliwahi kuhudhuria semina ya watumishi wa umma kuhusu uandishi wa barua na ripoti. Mwezeshaji, mama mpole kutoka ng'ambo, alitusihi tuache investigate, tuandike look into. Ofisa mmoja mtu mzima, aliyekuwa amekaa nyuma muda wote bila kusema, aliinua mkono na kuuliza kwa utulivu: "Samahani mama, hiyo look into ni kuchunguza, au ni kuchungulia?" Ukumbi uliangua kicheko. Mwezeshaji alitafsiriwa, akacheka pia, lakini nadhani hakupata jinsi swali lilivyokuwa la haki. Serikali isemayo we will look into the matter mara nyingi huwa imeahidi kuchungulia. Sisi nasi tuna binamu yake: "suala hilo tumelipokea na tutalifanyia kazi."

Utumishi wa umma, kwa kweli, ndiyo makao makuu ya vijineno hivi. Wabunge wana kazi ya oversight, yaani kusimamia. Na mhasibu aliyesahau kuambatisha risiti atajitetea kwamba ilikuwa an oversight, yaani alipitiwa. Neno ni lilelile. Over na see ziliungana muda mrefu uliopita, zikazaa mapacha wasiofanana, msimamizi na msahaulifu, na nimeshasoma ripoti ambamo sikuweza kuapa ni yupi kati yao aliyekusudiwa.

Angalia pia step down na step aside. Ya kwanza ni kuteremka: unaachia madaraka, na ngazi uliyoshukia huipandi tena. Ndivyo huelezwa kwa Kiingereza alivyofanya Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, na Kiswahili kikapata kung'atuka, neno lenye asili ya Kizanaki, ambalo lina heshima kuliko hilo la Kiingereza kwa sababu ndani yake mna hiari. Ya pili ni kusogea kando ili kitu kipite. Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta, akilihutubia Bunge, aliwataka maofisa waliotajwa katika ripoti ya tume ya maadili na kupambana na rushwa wakae kando uchunguzi ufanyike. Aliyekaa kando hajaondoka. Kiti ni chake bado, na vumbi likitua anaweza kurudi. Huku Tanzania tuna kauli ya kiofisi inayokaribiana nayo, "kupisha uchunguzi", nami huipenda kwa sababu inasema wazi nani anapishwa. Lakini nimeona tafsiri za haraka zikiandika "amejiuzulu" kwa mtu aliyekaa kando tu, na wananchi wakashangilia ushindi ambao haukuwapo. Mwandishi wa habari aliyekosea down na aside amewapa watu haki ambayo hakuna aliyeitenda.

Kuna wanaonijibu kwamba dawa ni kuwafundisha watoto Kiingereza mapema zaidi na zaidi. Sina ugomvi na Kiingereza kufundishwa; natamani kifundishwe vizuri, na walimu wake walipwe. Ugomvi wangu ni kukifanya mlango wa kuingilia kila chumba. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985, na pendekezo halikutekelezwa. Uchunguzi wa Criper na Dodd, uliotolewa mwaka 1984 na ambao haukufanywa na maadui wa Kiingereza, ulikuta kiwango cha lugha hiyo shuleni kikiwa duni mno kuibeba elimu. Sera ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mshitakiwa leo anaweza kuhukumiwa kwa lugha anayoielewa. Mtoto wake wa kidato cha pili bado anaulizwa kuhusu usanisinuru kwa lugha ambayo set off, give off na take in zinamzunguka kama nyuki.

Wala tusiwacheke wanaosema discuss about na cope up with. Wanasema discuss about kwa sababu mazungumzo huwa juu ya jambo, na Waingereza wenyewe husema a discussion about. Wanaikataa tu nomino inapogeuka kitenzi. Wanasema cope up with kwa sababu keep up with, catch up with na put up with zimekwisha kuwafungulia njia. Majirani zetu wa Kenya husema pick me at the stage, wakaiacha up nyumbani, na abiria wanachukuliwa salama. Huko ni kufikiri kwa utaratibu ndani ya lugha isiyo na utaratibu.

Katika idara yetu tumeanza jambo dogo. Maswali ya mtihani husomwa na mtu wa pili kabla ya kuchapwa, si kwa ajili ya sarufi, bali kuwinda mikia. Yule mwenzangu wa Maji Maji ndiye anayeleta ya kwake mapema kuliko wote. La juzi lilianza na Account for, ambalo kwa miaka mingi limewafanya vijana wetu wahesabu vitu pale walipotakiwa kutoa sababu. Tulibishana kwa dakika ishirini, kwa Kiswahili, tukijaribu kukubaliana hasa alitaka kuuliza nini. Kisha tukaliandika upya.